Wifi na Saa za Kujipangia

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, si mtu wa maneno. Wa maneno ni mimi. Kwa kuwa yeye hatasimulia hata ukimlipa, nitasimulia mimi, na atakayeona natia chumvi aje aniulize, najulikana ninapokaa. Tunafanya kazi pamoja kwenye karakana ya miwani. Yeye anakata lenzi, mimi nazipachika kwenye fremu. Meza yangu inatazamana na mashine yake, kwa hiyo huyu mwanamke nimemtazama kuliko hata huyo aliyemuoa.

Karakana iko nyuma ya jengo la maduka, upande magari yanakoshushia mizigo. Ni chumba kirefu kisicho na dirisha la maana, taa nyeupe juu, mashine za kukatia zimepangwa ukutani. Mashine zinatumia maji, na maji yakichanganyika na unga wa lenzi yanakuwa tope jeupe linaloingia kwenye kucha na kukaa humo kama limelipia pango. Kila oda inakuja kwenye trei ndogo ya plastiki: lenzi mbili, fremu, karatasi ya vipimo vya mteja. Anayekata akimaliza anasogeza trei kwangu. Napachika, nafuta, naangalia kwenye mwanga, inakwenda dukani mbele. Kazi ndiyo hiyo, na mimi naipenda.

Siku walipotutangazia saa za kujipangia, tulidhani ni danganya toto. Msimamizi alisimama katikati ya karakana, mikono mfukoni, akasema kampuni imeamua kwenda na wakati. Kila mtu aingie saa anayotaka na atoke akishatimiza saa zake, mradi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana wote tuwepo. Mzee wa mashine ya mwisho akanyoosha mkono.

"Na wewe je, bosi, tutakupangia sisi?"

Tulicheka mpaka msimamizi mwenyewe akashindwa kujizuia.

Mimi sikubadilisha kitu. Nimezoea kuingia saa mbili na miguu yangu inajua. Wengine walijaribu hiki na kile, wakarudi walikotoka. Waliobadilika kweli walikuwa wawili tu. Mmoja ni bwana wa mashine ya jirani na wifi, mtu wa makamo asiyeamka hata umpigie ngoma sikioni. Yeye akawa anaingia saa nne kamili na kutoka watu wameshawasha taa majumbani, tukambatiza Jioni. Mwingine ni wifi. Yeye alichagua kuingia saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi akiwa bado anapiga miayo, na kutoka saa nane. Huyo naye tukamwita Alfajiri. Hakukasirika. Alisema ameitwa vibaya zaidi, na alikuwa akinitazama mimi.

Sababu ya kuchagua saa hizo ni mtoto. Wana binti mmoja, ambaye baba yake alimwita Chiriku tangu wodini kwa jinsi alivyokuwa akipiga kelele. Jina likabaki, kelele zikaisha. Wenzake walipoanza kusema maji na toka na nipe, yeye alikuwa ananyoosha kidole. Alipofika umri wa chekechea bado ananyoosha kidole. Masikio yalipimwa, ni mazima. Hatimaye walielekezwa kwa mwalimu wa matamshi, mama mmoja mwenye chumba nyuma ya zahanati, anayefundisha watoto wachache mara tatu kwa wiki, saa tisa alasiri.

Sasa huyo mwalimu ana masharti yake. Mtoto anakuja na mzazi wake, na mzazi hakai nje kuchati na simu. Anakaa kwenye kiti kidogo mbele ya kioo, anapuliza mshumaa na mtoto, ananyonya vikaratasi kwa mrija na mtoto, anasema ba-ba-ba mpaka taya zimuume, ili akarudie yote hayo nyumbani. Mimi niliwahi kumpeleka siku wifi ana homa. Mwalimu akaniuliza mimi ni nani. Nikasema shangazi. "Shangazi namheshimu sana," akasema, "lakini namtaka mama au baba." Nikarudishwa na mtoto wangu mkononi, mdomo wazi. Na ukikosa mara tatu bila ugonjwa, nafasi anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi.

Basi huo ndio ukawa utaratibu. Wifi anaondoka nyumbani mtoto amelala. Mdogo wangu, anayefanya kazi kwenye ghala la vifurushi zamu ya mchana, anamwamsha mtoto, anampa uji, anampeleka chekechea. Hiyo kazi moja aliisimulia kila alipokwenda, utadhani alijenga shule. Saa nane wifi anavua aproni, anamchukua mtoto, mbio kwa mwalimu. Usiku anapika, anafua, wanapuliza mishumaa. Baada ya miezi kadhaa Chiriku alisema "maji." Wifi alinipigia simu, hakuongea, akaweka simu mdomoni kwa mtoto. "Maji," nikasikia. Nililia pale pale kwenye foleni ya kulipia umeme na sikuona haya.

Tatizo la kuingia mapema ni kwamba hakuna anayekuona unavyoingia. Wanakuona unavyotoka. Wifi alikuwa amekata trei chungu nzima kabla sisi wengine hatujapiga mswaki, lakini saa nane akichukua mkoba, macho yote mgongoni kwake. "Wenzetu wameshamaliza siku," anasema mmoja. "Ndoa tamu hiyo, inaita mchana," anasema mwingine. Utani tu, lakini utani ukirudiwa kila siku unaacha kuwa utani. Niliwakaripia. Hata msimamizi akaanza kutazama saa ya ukutani kila wifi anapopita, kisha anatazama trei alizoacha mezani. Wifi aliona. Akaanza kuogopa kuacha trei.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo mtu asiye wa karakana ya miwani hawezi hata kulifikiria.

Sisi tuna sheria moja ya zamani: jozi ni ya mkono mmoja. Aliyekata jicho la kulia ndiye akate la kushoto. Sababu ni kwamba kila mkono una tabia yake unapoweka lenzi kwenye mashine. Wa wifi unapandisha kidogo, unywele tu. Wa Jioni unashusha. Mkono mmoja ukikata zote mbili, zote zitapanda sawa au zitashuka sawa, na macho ya mteja yatasamehe. Lakini moja ikipanda na nyingine ikishuka, macho yanavutana, kichwa kinauma. Kwa hiyo ukiona muda wako unakwisha, huanzi jozi usiyoweza kuimaliza. Unaiacha mezani, ionekane, wakuseme.

Wifi hakutaka kusemwa. Akapatana na Jioni. Ikikaribia saa nane anakata jicho moja, anamsukumia trei, Jioni anakata la pili. Meza ya wifi inabaki safi, na Jioni naye anapata wa kumfungulia oda zake asubuhi kabla hajafika. Kila mtu alifurahi, isipokuwa wateja.

Wa kwanza kurudi alikuwa fundi cherehani. Alikuja dukani ameshika kipaji cha uso, akasema tangu avae hiyo miwani anaona sindano mbili na anajichoma na ile ya kweli. Akafuata mwalimu wa shule. Akafuata mama mmoja aliyesema akishuka ngazi anaona kama ngazi inamkimbia. Msimamizi akaichukua miwani yote mitatu, akaipima mwenyewe, akaja nayo karakana. Siku hiyo hakuweka mikono mfukoni.

"Kulia imepanda, kushoto imeshuka," akasema. "Zote tatu. Nani kakata hizi?"

Jioni akainamia mashine yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nilidhani wifi naye atajitia hamnazo, na wallahi ningemwelewa. Lakini alifuta mikono kwenye aproni akasema, "Kulia ni mimi."

Jioni akakohoa. "Na mimi kushoto."

Ikabidi waeleze yote. Msimamizi si mtu mbaya, nimeona wabaya. Lakini alikuwa ametoka kutukanwa na watu watatu wenye vichwa vinavyouma, na juu yake kuna wakubwa. Akasema kuanzia Jumatatu mambo ya kujipangia yamesimama. Wote saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni mpaka hapo tutakapoambiwa vingine. Karakana nzima ikageuka kumtazama wifi. Hapo ndipo nilipomwambia mzee wa mashine ya mwisho ageuze shingo yake kabla sijaigeuza mimi.

Wifi alimfuata msimamizi ofisini, mlango ukiwa wazi, nikasikia. Alimweleza habari za mtoto. Aliomba zile siku tatu tu, siku nyingine jirani angemchukua mtoto chekechea. Msimamizi akasema, "Mama, nikikupa wewe, hao wengine nitawanyima kwa sababu gani? Na wewe ndiye uliyegawa jozi."

Alitoka akarudi kwenye mashine. Alikata trei iliyokuwepo, macho yote mawili, akanisogezea.

Jioni hiyo nilikwenda kwao. Chiriku alikuwa sakafuni anapuliza vikaratasi. Mdogo wangu alikuwa kwenye siku yake ya mapumziko, amejilaza kwenye kochi, na wifi amesimama mlangoni mwa jikoni anamweleza.

"Sasa mke wangu," akasema mdogo wangu, kwa huruma kabisa, "mimi ningefanyaje? Ghala si karakana. Kule zamu ni zamu. Ukipangiwa mchana ni mchana, hakuna cha kujipangia."

"Mwakani anaanza shule," akasema wifi. "Nani atamwelewa?"

"Tutamwomba Mungu."

Wifi akanitazama. "Basi Ijumaa naaga kazini," akasema. "Kazi nitapata nyingine. Ile nafasi tukiipoteza hatuipati."

Alisema hivyo kama mtu anayesema chumvi imekwisha, lakini mimi namjua. Anaipenda ile mashine. Alijifunzia pale, alianza kwa kufagia tope, na leo akisikiliza sauti ya lenzi inavyosagika anajua imebaki kiasi gani. Nilirudi kwangu roho inaniuma. Nikamlaumu msimamizi, nikamlaumu Jioni, nikamlaumu fundi cherehani na sindano zake. Mdogo wangu sikumlaumu. Nimemlea mgongoni yule, na kwetu hakuna aliyewahi kumwona na kosa.

Kesho yake, mapumziko ya mchana, nikafunga safari mpaka ghalani kwao. Nilikwenda kumwombea. Nilisema nikimpigia magoti mkubwa wake, mtu mzima mimi, labda atamhurumia. Ghala lenyewe ni bati tupu na vifurushi mpaka darini, mikokoteni inapita huku na huku usipoangalia inakukanyaga. Nilielekezwa kwa kiongozi wa zamu, mama mnene mwenye filimbi shingoni. Nikajitambulisha, nikasalimia kwa heshima zote, nikaanza: nina shida, mdogo wangu ana mtoto wa hali fulani, naomba kama inawezekana, hata kwa siku tatu katika wiki, abadilishiwe zamu aingie asubuhi.

Yule mama akanitazama kama nimekuja kuomba maji mtoni.

"Kubadilisha zamu? Huyu?" Akacheka mpaka filimbi ikaruka. "Dada yangu, huyu si ndiye anayebadilisha kuliko wote! Timu yake ikicheza mchana, utamkuta anazunguka humu anatafuta wa kubadilishana naye. Sisi tunamwita Waziri wa Zamu. Hapa mnapatana wenyewe kwa wenyewe, mnaniambia, basi. Mwambie aje, aseme siku."

Nilishukuru. Sijui nilishukuru kwa maneno gani. Nilipogeuka, huyo hapo mdogo wangu anaingia kazini, begi begani, anapiga mluzi. Aliponiona mluzi ukakatika.

"Dada? Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Waziri hajambo?"

Alielewa papo hapo. Uso ukamshuka. Akanivuta pembeni ya marobota, akaanza kunong'ona. "Dada, mpira ni mara moja moja."

"Na mtoto ni mara ngapi?"

"Si hivyo. Lile darasa lina akina mama watupu. Mimi nikakae pale nipulize mishumaa?"

"Mkeo anapuliza."

"Yeye amezoea."

"Alizaliwa amezoea?" Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, watu wa mikokoteni wakasimama. "Mwanamke anataka kuacha kazi Ijumaa! Amekueleza jana, umelala kwenye kochi, ukamwambia zamu ni zamu! Umemdanganya mchana kweupe mbele yangu mimi, na mimi nikakuamini!"

"Sikumdanganya, dada. Sikufikiria tu."

"Hukufikiria kwa sababu yupo anayekufikiria. Leo ukirudi umwambie mwenyewe. Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi unanijua."

Nilirudi karakana nimechelewa, msimamizi akafungua mdomo, akaniona uso, akaufunga.

Alimwambia. Sijui walisemezana nini, ya chumbani si yangu. Ninachojua ni kwamba Ijumaa wifi hakuaga. Alikata trei zake mpaka mwisho, akaja mezani kwangu akasema, "Jumatatu anakwenda baba yake," akaondoka.

Jumatatu jioni nilipitia kwao nikasikie. Nilimkuta mdogo wangu amesimama katikati ya sebule anasimulia kwa mikono na miguu. Kiti kilikuwa kidogo, magoti yakamfika masikioni. Mshumaa ulimshinda mara ya kwanza, Chiriku akacheka. Akina mama wote walimkaribisha. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa, akasema akina baba wote wangekuwa hivi dunia ingepona. Wakampigia makofi. Jirani wa mlango wa pili amemwambia hongera. Mama yetu amepiga simu kumbariki. "Wamenipigia makofi, dada, kweli kabisa!"

Wifi alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini.

"Mimi nimekaa kwenye kile kiti tangu mwaka jana," akasema. "Hakuna aliyenipigia makofi hata siku moja."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira mdogo wangu angejitetea. Alibaki na mikono hewani, kisha akaishusha. Alinitazama mimi, kama alivyokuwa akinitazama tangu utotoni mambo yakimfika shingoni. Nikachukua kiazi nikaanza kumenya.

Aliendelea kwenda. Hilo nitamsifia, na ni hilo tu. Siku tatu kila wiki anaingia ghalani asubuhi, mchana anamchukua mtoto, na timu yake inacheza bila yeye. Makofi yaliisha wiki ya pili, akawa mzazi kama wazazi wengine. Chiriku sasa anasema sentensi. Nyingi ni za kukataa, lakini ni sentensi.

Karakana nayo ilitulia. Jozi zikarudi mkono mmoja, malalamiko yakaisha, na siku moja msimamizi akaja, mikono mfukoni, akatangaza kwamba saa za kujipangia zimerudi. Akamwendea wifi moja kwa moja. Nadhani ilikuwa inamkera moyoni.

"Mama, chukua alfajiri yako," akasema. "Nilikuwa nimekuwekea."

"Nashukuru," akasema wifi. "Niandikie saa nne."

Msimamizi akadhani hakusikia vizuri. Hata mimi nilidhani hivyo.

Jioni hiyo nilikuwa kwao wakati wifi anampa mumewe habari hizo. Mdogo wangu aliposikia saa zimerudi, aling'aa. "Afadhali! Basi darasani utarudi wewe."

"Darasani una kiti chako," akasema wifi. "Mimi nimechagua saa nne."

"Saa nne?" Alikuwa ameshangaa kwa dhati, maskini. "Mtoto anafika chekechea saa moja na nusu. Hapo katikati utakuwa unafanya nini?"

Wifi alifikiri kidogo, kama swali lilikuwa halijawahi kuulizwa.

"Nitalala," akasema.